NDEGE DIRISHANI: KUMCHANGAMSHA MZEE WAKATI WA BARIDI

(Muziki wa kipindi. Unapungua polepole.)

Kama unapika chai, endelea kupika. Kama unanyonyesha mtoto, endelea kunyonyesha. Lakini kama kuna mzee katika nyumba hiyo, iwe ni mama mkwe, baba, nyanya au babu, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo. Leo tunazungumza juu yake.

Hebu fikiria nyumba moja kule Nyandarua, au Limuru, au Kericho. Ni mwezi wa Julai. Ukungu umeshuka hadi kwenye miti ya ua. Watoto wamekwenda shule, baba yuko kazini, na mama wa nyumba anatoka kwenda kukamua ng'ombe. Nyanya ameachwa jikoni kando ya moto. Amejifunika blanketi na ameelekea ukuta. Mama anaporudi saa sita anamkuta pale pale, vile vile. Uji alioachiwa umepoa, hakuugusa. Anapoulizwa, "Mama, mbona hukunywa uji?" anajibu, "Ninywe nipate nguvu za kufanya nini? Mimi sina kazi tena."

Msikilizaji, maneno hayo ni mazito kuliko yanavyosikika. Wengi wetu tukiyasikia tunasema, "Huo ni uzee tu." La, si uzee tu. Ni dalili kwamba mzee ameanza kukata tamaa, na mzee aliyekata tamaa hali, hanywi, hatembei, na mwili wake hushuka upesi.

BARIDI INAMFANYA NINI MZEE?

Hapa kwetu Kenya baridi kali huja kati ya Juni na Agosti, hasa katika sehemu za miinuko. Mwili wa mzee haushiki joto kama wa kijana. Ngozi yake imekuwa nyembamba, nyama zimepungua, na damu haizunguki kwa kasi ile ile. Baridi hukaza mishipa ya damu, kwa hiyo presha hupanda. Viungo hukakamaa na magoti huuma. Basi mzee huona afadhali akae tu.

Lakini kukaa tu kuna hatari zake. Misuli isiyotumika hulegea, na siku mzee atakaposimama ataanguka. Mapafu yasiyopanuka vizuri hupata nimonia kwa urahisi. Choo huwa kigumu. Akilala upande mmoja siku nzima hupata vidonda vya kulalia. Na akikaa bila kuzungumza na mtu, akili nayo hupoa.

Mwaka 2024 kundi la wataalamu lililoitishwa na jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo The Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, ambayo yanaweza kuzuiwa au kupunguzwa. Miongoni mwake ni kukaa bila kufanya mazoezi, upweke, huzuni ya muda mrefu, masikio yasiyosikia vizuri na macho yasiyotibiwa. Yashike hayo matano, tutayarudia.

Swali ni hili: utamfanya vipi mzee ageuke kutoka ukutani? Huna pesa za kununua televisheni. Huna muda wa kukaa naye kutwa. Leo nakuletea msaidizi asiyedai mshahara. Msaidizi huyo ni ndege.

NDEGE NA WAZEE WA NCHI ZA BARIDI

Pengine unacheka. Ngoja nikueleze.

Katika nchi kama Uingereza, Marekani na Kanada wazee wengi huishi katika nyumba maalum za wazee. Binti zetu na vijana wetu kutoka Kenya wako huko wakifanya kazi ya kuwatunza. Majira ya baridi ya kule si kama yetu. Katika mwezi wa Desemba jua la London huwa limeshazama kufikia saa kumi jioni. Nje kuna barafu, na mzee hawezi kutoka asije akateleza. Wahudumu wa nyumba hizo waligundua kwamba chombo cha chakula cha ndege kikitundikwa nje ya dirisha, wazee huacha vitanda vyao na kusogea kutazama.

Uingereza kuna shughuli moja iliyoanza mwaka 1979. Kila mwisho wa Januari watu huketi kwa saa moja, wakahesabu ndege wanaotua katika bustani zao. Marekani na Kanada nao wana hesabu kama hiyo mwezi wa Februari, iliyoanza mwaka 1998, na tangu mwaka 2013 nchi zote za dunia zinaweza kushiriki. Hii ya pili haidai saa nzima. Dakika 15 zinatosha. Mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu hushiriki sawa na kijana, kwa sababu kinachohitajika ni jicho, sikio na subira.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Banziger na Roush, walichapisha habari za jaribio walilolifanya katika nyumba ya wazee. Wazee fulani walipewa vyombo vya kulishia ndege, wakaambiwa kwamba kazi ya kuwatunza ndege hao ni yao. Baadaye wazee hao walionekana wenye furaha zaidi na walioridhika zaidi na maisha kuliko wenzao ambao hawakupewa kazi hiyo.

Umeona siri iko wapi, msikilizaji? Pamoja na uzuri wa ndege, mzee alipewa jukumu. Kulikuwa na kiumbe kilichomngojea asubuhi. Yule nyanya wetu wa Nyandarua alisema nini? "Sina kazi tena." Basi mpe kazi.

Na ndege wenyewe wana faida. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu zaidi ya elfu moja, kwa njia ya simu za mkononi, jinsi walivyojisikia saa mbalimbali za siku. Hawakuwa wazee pekee. Waliokuwa wameona au kusikia ndege walijisikia vizuri zaidi, na nafuu hiyo iliweza kudumu hadi saa nane. Hata watu wenye ugonjwa wa huzuni waliipata.

(Muziki kidogo.)

TUANZE VIPI NYUMBANI?

Karibu tena. Sasa tuje kwenye vitendo. Usinunue kitu chochote.

Kwanza, tafuta mahali. Chagua dirisha au mlango ambapo mzee anaweza kuketi bila kupigwa na upepo. Mvalishe nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Asisahau soksi, na kofia au kitambaa cha kichwa. Usimtoe alfajiri. Ngoja hadi saa tatu au saa nne, ukungu unapopungua. Ndege ukiwalisha saa ile ile kila siku huizoea saa hiyo, nao watakuja.

Pili, tengeneza chombo. Chukua mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia uliokwisha. Kata madirisha mawili ubavuni, toboa juu, pitisha waya, uutundike kwenye tawi au kwenye boriti ya paa. Uwe mahali ambapo paka hafiki, na mzee aweze kuuona akiwa ameketi. Weka kiganja kimoja tu cha mtama, wimbi au mchele uliovunjika. Shomoro, mnana na tetere watafika. Ukiwa na kipande cha papai au ndizi iliyoiva mno, kichomeke kwenye kijiti. Utaona wale ndege wa kijivu wenye mikia mirefu wakija kwa kundi. Na kama una maua karibu na mlango, atakuja chozi, yule mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Weka pia sahani ya maji.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kabidhi kazi. Usimwekee mzee ndege kama unavyomwekea mtoto kichezeo. Mwombe msaada. Mwambie hivi: "Mama, naomba unisaidie. Mimi asubuhi nina ng'ombe na mtoto. Hawa ndege ni wako. Ukisahau wewe, watalala njaa." Mpe kibati cha mtama akiweke karibu naye. Hata kama mikono inatetemeka na nusu ya mtama inamwagika, mwache. Ndege wa chini watakula hizo zilizomwagika.

KAZI TANO ZA KUFANYA NA MZEE

Ya kwanza ni kuhesabu. Mpe mzee bakuli mbili, moja yenye maharagwe na nyingine tupu. Kila ndege akitua, ahamishe haragwe moja. Kwa dakika 15 macho yake yatafanya kazi, akili itafanya kazi, na vidole vilivyokakamaa vitanyooka. Jioni mtoto wa shule aandike hesabu kwenye daftari: leo shomoro 9, tetere 4, kunguru 1. Baada ya wiki moja mzee mwenyewe ataanza kuuliza, "Jana walikuwa wangapi?"

Ya pili ni majina na habari za zamani. Wajukuu wengi leo hawajui jina la ndege hata mmoja kwa lugha ya mama. Kwa Wakikuyu ndege ni nyoni, kwa Wajaluo ni winyo, kwa Wakamba ni nyunyi. Lakini kila ndege ana jina lake pia, na mzee analijua. Jungu kuu halikosi ukoko. Muulize pia juu ya kuamia ndege shambani. Wazee wengi walipokuwa watoto walikaa juu ya ulingo katika shamba la mtama au wimbi kuanzia alfajiri, wakiwafukuza ndege kwa kelele na kombeo. Muulize walipiga kelele gani. Utashangaa. Mzee ambaye hajainua sauti mwezi mzima atainua mkono na kukuonyesha.

Wazee wetu wana elimu kubwa kuhusu ndege. Waborana wa kaskazini mwa Kenya wamekuwa wakimfuata ndege anayeongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki. Mwaka 1989 mtafiti Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walipima jambo hilo na kulichapisha katika jarida la Science. Waligundua kwamba ni kweli, kufuatana na ndege huyo hupunguza sana muda wa kutafuta asali. Wazee walilijua hilo kabla ya jarida lolote kuliandika.

Ya tatu ni mazoezi ya mabawa. Mzee akiwa ameketi kwenye kiti kisichoyumba, anyooshe mikono pande zote mbili kama mabawa, aipandishe na kuishusha polepole mara 5, huku akivuta pumzi ndefu. Kisha akanyage chini mguu mmoja baada ya mwingine kama kuku anayechakura, mara 10. Wajukuu wafanye pamoja naye. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aache mara moja.

Ya nne ni kazi ya mikono. Kata picha za ndege kwenye kalenda na magazeti ya zamani, mzibandike kwenye karatasi. Kama nyanya alikuwa akisuka vikapu au kushona vitambaa, mwombe amfundishe mjukuu kushona ndege mmoja katika likizo ya Agosti.

Ya tano ni ya mzee asiyeweza kuamka au asiyeona. Geuza kitanda chake kielekee dirishani, na lifungue dirisha kidogo jua linapotoka. Yeye kazi yake ni kusikiliza. Akuambie ndege gani amelia kwanza asubuhi hiyo.

Ninyi wenye mzee anayesahau, nawapa neno moja. Usimfanyie mtihani. Usiseme, "Huyu ni ndege gani? Si nilikuambia jana?" Hiyo humtia aibu, naye atarudi ukutani. Wewe sema, "Mama, tazama, tetere amekuja," kisha unyamaze umwachie nafasi. Na akikwambia jambo lile lile mara ya tatu, lipokee kama la kwanza.

Jambo jingine, kuwa mwangalifu na bundi. Katika jamii nyingi bundi akilia karibu na nyumba huchukuliwa kuwa dalili ya kifo. Usimletee mzee picha ya bundi kwa mchezo kabla ya kujua anavyoichukulia.

NDEGE WANAWEZA KUKUONYESHA UGONJWA

Sikiliza hapa kwa makini. Dakika zile 15 za kuhesabu ndege ni kama kipimo.

Kama wewe unasikia ndege wakilia na mzee hasikii, masikio yake yanahitaji kuangaliwa. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, na sauti za ndege wengi ni nyembamba. Wakati mwingine ni nta tu imeziba. Usichokoe sikio kwa kijiti. Mpeleke kwenye kituo cha afya.

Kama haoni ndege aliyetua karibu, au anaona kama kuna moshi mbele yake, huenda ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji, na wazee wengi huona tena. Usikubali kuambiwa kwamba upofu ni haki ya uzee.

Kama kwa wiki mbili au zaidi hataki kutazama chochote, hali vizuri, halali vizuri, na anasema heri afe, huo huenda ni ugonjwa wa huzuni. Una matibabu. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji au mpeleke hospitali. Usimkemee.

Na kama jana alihesabu vizuri na leo ghafla amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, au analala tu haamki vizuri, usingoje kesho. Kwa mzee, nimonia inaweza kuja bila kikohozi kikali na bila homa kubwa. Kuchanganyikiwa kunaweza kuwa dalili ya kwanza. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

MAMBO YA USALAMA

Usimwachie mzee jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, hata kama ni kwa kumpasha joto anapotazama ndege. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, hulala, na huenda asiamke. Fungua dirisha, na utoe jiko nje kabla ya kulala.

Mpe kinywaji cha moto kila anapomaliza kuhesabu. Mzee huwa hasikii kiu vizuri, hata mwili ukihitaji maji.

Kusafisha chombo cha ndege kusiwe kazi ya mzee. Mtu mzima mwenye nguvu akioshe kila wiki, nje ya nyumba, na mbali na vyombo vya kupikia. Kila aliyegusa chombo au mtama anawe mikono kwa sabuni. Maji ya sahani yabadilishwe kila siku ili mbu wasizaliane. Jioni ondoa mabaki, yasije yakaita panya.

Tundika chombo mbali na banda la kuku, kwa sababu ndege wa mwitu wanaweza kuleta kideri na magonjwa mengine. Ukikuta ndege wamekufa, usiwashike kwa mikono mitupu, na mwite afisa wa mifugo. Usiwape ndege mahindi yaliyoota ukungu. Kilicho sumu kwako ni sumu kwao pia. Wala usimkamate ndege wa mwitu umfungie kwa ajili ya mzee. Sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda. Tena furaha ya mzee ni kwamba ndege alikuja mwenyewe.

KWA WEWE UNAYETUNZA

Mama, najua umechoka. Mtoto analia huku, mzee anaita kule. Jambo hili halikuongezei kazi. Mzee akiwa na shughuli yake, nawe utapata robo saa ya kupumua. Na mtoto wako mdogo akikaa na nyanya dirishani, wote wawili wametunzwa kwa pamoja.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Heshima ni zaidi ya blanketi na uji. Heshima pia ni mzee kujua kwamba akikosekana, kuna pengo.

Baridi itaisha. Kuanzia Septemba na Oktoba mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya huanza kufika Kenya, na hurudi kwao karibu na Machi na Aprili. Mwambie mzee akuangalizie siku watakayofika, kwa sababu wewe uko mbioni na huna muda wa kutazama juu. Mwachie kazi hiyo. Mzee mwenye siku anayoingoja atakunywa uji wake.

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Msalimie mzee wako, na umwambie ndege wanamngoja. Kwaheri.

(Muziki wa kipindi.)

YA KUKUMBUKA
1. Mzee anayesema hana kazi, mpe kazi ndogo aiongoze mwenyewe.
2. Hesabuni ndege kwa dakika 15 kila siku, saa ile ile, mzee akiwa amevaa vizuri.
3. Asiyesikia au asiyeona ndege apelekwe kupimwa masikio na macho.
4. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni hatari. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.
5. Jiko la makaa na chumba kilichofungwa haviendi pamoja.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI
1. Mzee wa nyumbani kwako hukaa wapi kutwa wakati wa baridi, na ameelekea wapi?
2. Ni kazi gani alizokuwa akifanya ambazo tumemnyang'anya bila kukusudia?
3. Taja ndege watano kwa lugha ya mama. Ukikosa, ni nani utakayemuuliza?